Huangfu Mi: mgonjwa aliyeiwekea kanuni tiba ya sindano

Katika miji ya Riyadh na Jeddah, nchini Saudi Arabia, tiba ya sindano ya Kichina si kazi ya kila apendaye. Mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo iliunda mjini Riyadh kituo cha taifa cha kusimamia tiba mbadala, na anayetaka kuwachoma wagonjwa sindano hizo, sawa na anayetaka kuwaumika kwa njia ya hijama, hutakiwa kuwa na leseni.

Haja ya kanuni kama hizo ilitambuliwa zaidi ya miaka 1,700 iliyopita na msomi wa Kichina, Huangfu Mi, ambaye mwenyewe aliteswa na maradhi na pia na dawa.

Huangfu Mi alizaliwa mwaka 215 katika eneo la Anding, kaskazini-magharibi mwa China. Alikuwa mjukuu wa ukoo wa majenerali uliokwishafifia, akalelewa na baba yake mdogo. Hadi kufikia umri wa miaka 20 alikuwa mzururaji asiyejali masomo. Inasimuliwa kwamba siku moja alimpelekea mama yake mlezi, mke wa baba mdogo, zawadi ya matunda. Mama huyo alilia badala ya kufurahi, akimweleza kwamba heshima ya kweli kwa mzazi ni mtoto kujirekebisha. Tangu siku hiyo kijana huyo alilima huku kitabu kikiwa kando yake.

Alipofika utu uzima alipooza, na mguu wake wa kulia ukadhoofika. Akitafuta nafuu, alitumia unga wa madini uliopendwa mno na wakubwa wa zama hizo. Unga huo uliuunguza mwili wake hata akala barafu katikati ya baridi kali. Alikata tamaa kiasi cha kutaka kujiua, na kwa mara nyingine ni mama yake mlezi aliyemzuia.

Katika mateso hayo ndipo alipoukabili utabibu. Wachina waliamini kwamba nguvu ya uhai, waiitayo qi, hupita mwilini katika njia maalumu, na kwamba sindano nyembamba ikichomwa mahali panapostahili huirejesha katika mwendo wake. Lakini elimu hiyo ilikuwa imetawanyika katika maandiko yenye kurudiarudia na kukinzana. Huangfu Mi alichukua vitabu vitatu vya kale, akavilinganisha na kuviunganisha kuwa kimoja, Zhenjiu Jiayi Jing. Humo alipanga sehemu 349 za kuchoma sindano, akaeleza kina chake, muda wa kuiacha mwilini, na mahali ambapo ni hatari kuchoma.

Mfalme Wu wa nasaba ya Jin alimwita mara kadhaa kushika cheo. Huangfu Mi alikataa kwa udhuru wa maradhi, akaomba badala yake kuazimwa vitabu. Mfalme alimpelekea mkokoteni uliojaa vitabu. Alifariki dunia mwaka 282.

Kitabu chake kilivuka bahari, na katika karne ya 8 kilikuwa kikisomeshwa kwa matabibu wa Japani. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliiorodhesha tiba ya sindano ya Kichina miongoni mwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Zanzibar nayo imekuwa ikipokea madaktari kutoka China tangu miaka ya 1960.

Wanasayansi bado wanabishana kuhusu uwezo wa tiba hiyo, ingawa baadhi yao wanakubali kwamba huweza kutuliza maumivu sugu. Lisilo na ubishi ni kwamba sindano chafu huambukiza homa ya ini, na sindano iliyozamishwa kupita kiasi kifuani huweza kutoboa pafu. Kwa Mwafrika Mashariki anayetafuta nafuu, awe Jeddah au Mombasa, swali la kwanza kwa tabibu ni lile lililomshughulisha Huangfu Mi: amejifunza wapi, na anafuata kanuni gani?