Al-Khwarizmi na Mahali pa Tarakimu

Miongoni mwa wanavyuoni ambao kazi yao yaonekana kila siku katika madaftari ya maduka yetu, na majina yao hayatajwi, ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi. Alizaliwa yapata mwaka 780, na nisba yake yamrejesha nchi ya Khwarizm, kusini ya Bahari ya Aral. Kazi zake alizifanya Baghdad, katika Bait-ul-Hikma, zama za Khalifa Al-Maamun aliyetawala tangu 813 hata 833.

Siku hizo watu walihesabu kwa vidole, au kwa herufi za abjadi, ambazo mamoja yana herufi zake, makumi yana zake, na mamia yana zake. Wahindi walikuwa na njia nyepesi zaidi: tarakimu 9 tu, na kiduara cha kuonyesha mahali patupu. Yapata mwaka 825 Al-Khwarizmi aliandika kitabu kuieleza njia hiyo, wala hakudai kuwa ni yake, bali aliwapa Wahindi haki yao.

Msingi wa njia hiyo ni mmoja: tarakimu hupata thamani kwa mahali ilipokaa. Tano ikiwa mwisho kuliani ni tano. Ikisogea mahali pa pili ni hamsini. Pa tatu ni mia tano. Na kile kiduara, ambacho Waarabu walikiita sifr nasi twakiita sifuri, ndicho kinachochunga mahali. Kiondoe katika 205, na mia mbili hugeuka ishirini, ikabaki 25.

Katika kitabu chake cha Al-Jabr alifundisha pia kukadiria. Mwenye kutaka mzingo wa duara alimruhusu kuzidisha kipenyo kwa tatu na subui, yaani sehemu moja ya saba, ilhali akibainisha kuwa hayo ni makadirio. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi, ambamo kosa la tarakimu moja hula haki ya yatima.

Alifariki yapata mwaka 850. Kitabu chake cha tarakimu kilifika Ulaya kwa Kilatini katika karne ya 12, na kutokana na jina lake likatoka neno algoriti.

Basi tuwatazame wana wetu. Mtoto hukariri hata mia bila ya kukwama, kisha akiambiwa aandike mia na tano, huandika 1005. Huyo amehifadhi majina, mahali hapajui. Tumpe njiti za makuti: kila kumi afunge fungu, na mafungu kumi ayafunge pamoja yawe mia, ndipo ashike kalamu. Hapo na kukadiria kutamwelea, kwani ataona kwa macho kuwa 47 ni mafungu manne na njiti saba, na zimebaki njiti tatu tu kutimia hamsini. Mtoto huyo akitumwa dukani hapunjwi chenji. Na akikua, akaitwa kugawa mirathi ya nduguze, hatampunja mtu.