Robert Kempner na Nyaraka za Nuremberg

Robert Kempner alizaliwa Freiburg, Ujerumani, mwaka wa 1899. Mwanasheria huyu wa asili ya Kiyahudi alipigwa kalamu na serikali ya Hitler mwaka wa 1933, na hatimaye akahamia Marekani mwaka wa 1939. Vita vilipokwisha, alirejea akiwa mmoja wa waendesha mashtaka wa Nuremberg. Mwaka wa 1947 kikosi chake kiligundua kumbukumbu za mkutano wa Wannsee, ushahidi wa njama ya kuwaangamiza Wayahudi. Baadaye, akiwa wakili Frankfurt, aliwadaia manusura fidia. Hata hivyo, shajara ya Alfred Rosenberg aliyoichukua Nuremberg ilipatikana mwaka wa 2013, miaka 20 baada ya yeye kufariki. Waraka ni shahidi; ukifungiwa nyumbani, haumtetei yeyote.