Katherine Dunham: Mwanafunzi wa Ngoma Nchini Haiti

Mwaka 1935 Katherine Dunham (1909–2006), Mmarekani mweusi, mchezaji ngoma na mwanafunzi wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, alifunga safari ya visiwa vya Karibi kwa ufadhili wa Mfuko wa Rosenwald. Alipita Jamaika, Martinique na Trinidad. Haiti ndiyo iliyomteka.

Majeshi ya Marekani yalikuwa yameondoka huko mwaka uliotangulia. Dunham aliikuta jamii iliyopangwa kwa rangi: machotara wenye mali juu, weusi mafukara chini. Ngoma alizozifuata zilihifadhiwa na hao wa chini, nazo hazikuwa mchezo, bali ibada ya vudu. Msomaji wa Kwale hatashangaa. Ngoma ya pepo ya Wadigo wa Msambweni ni tiba. Haipigwi ili kuwaburudisha watalii wa Diani. (Na wangapi miongoni mwetu tumeingia uani kwa mganga na daftari, tukaandika, tukaenda zetu?) Dunham hakusimama kando. Alikubali kuingizwa katika vudu kama mwari.

Baadaye aliiacha njia ya shahada za juu, akaunda kundi lake la wachezaji. Haiti hakuiacha. Huko Port-au-Prince alinunua shamba la Leclerc, akafungua humo zahanati ya maskini. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 82, alisusia chakula kwa siku 47 kupinga wakimbizi wa Kihaiti kurudishwa makwao na Marekani. Alikubali kula baada ya kuombwa na Rais Aristide, aliyekuwa uhamishoni.