Adrien Atiman: Aliyekombolewa utumwani akawa tabibu wa wengi



Katika kipindi hiki cha Kwaresima tunawaletea maisha ya Mkristo mmoja wa Afrika, ili jumuiya zetu zipate jambo la kutafakari kabla ya Njia ya Msalaba ya kila Ijumaa. Huyu ni Adrien Atiman, daktari na katekista wa Karema. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mume, baba wa familia na mfanyakazi wa afya, tena aliishi karibu maisha yake yote mbali na nchi aliyozaliwa.

Kwa nini tumemchagua yeye? Wengi katika makazi haya tulitoka Bujumbura, na baadhi yetu tulitoka Bwiza, mtaa ambao Warundi, Wakongo, Wanyarwanda na wengine walikaa nyumba kwa nyumba wakielewana kwa Kiswahili. Kwa watu wa Bwiza, Kwaresima ina kumbukumbu nzito. Mwaka 1995 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 1 Machi. Kabla mfungo huo haujaisha, mwishoni mwa mwezi huohuo, watu wengi waliuawa Bwiza na Buyenzi, na maelfu wakakimbilia Uvira, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Waliopakwa majivu pamoja hawakuimba Aleluya ya Pasaka pamoja. Tangu hapo wapo ambao, kila majivu yanapofika, hurudi moyoni katika siku zile.

Bujumbura na Uvira ziko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Ukishuka na ziwa hilohilo kuelekea kusini kwa upande wa mashariki, utapita Rumonge, Nyanza-Lac na Kigoma, na mbele zaidi utafika Karema, katika mkoa unaoitwa leo Katavi, nchini Tanzania. Hapo ndipo alipoishi mtu ambaye naye aling'olewa kwao kwa nguvu.

Mtoto aliyeibiwa

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, karibu na Mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alikuwa bado mtoto mdogo alipotekwa na wafanyabiashara wa watumwa. Walimvusha jangwa la Sahara kuelekea kaskazini, safari ambayo iliwaua watumwa wengi kwa kiu na uchovu.

Upande wa pili wa jangwa, katika Algeria, Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walimnunua ili wamwache huru. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali na kuzunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Kijana Atiman aliwekwa shuleni pamoja na vijana wengine waliokombolewa. Alifundishwa dini, akabatizwa na kupewa jina la Adrien.

Tukumbuke neno hili, kukombolewa. Sisi hulisikia kanisani, hasa Ijumaa Kuu, nalo hutupita masikioni kwa kuwa tumelizoea. Kwa Atiman lilikuwa jambo alilolipitia mwilini mwake. Palikuwa na mtu aliyetoa fedha, na yeye akaacha kuwa mali ya mwingine.

Masomo ya udaktari

Kardinali Lavigerie alikuwa na wazo lake. Wamisionari wa kwanza waliotumwa kwenye maziwa makuu mwaka 1878 walikuwa wakifa kwa homa, na wengine waliuawa, kama mapadre Deniaud na Augier na msaidizi wao D'Hoop walivyouawa Rumonge mwezi Mei 1881. Lavigerie aliona kwamba Waafrika wenyewe wangeweza kuwahudumia Waafrika wenzao vizuri zaidi, kama wangepata elimu. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, ambapo vijana waliokombolewa wangesoma udaktari huku wakiandaliwa kuwa makatekista. Atiman alikuwa mmoja wao.

Alisoma Malta kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 1888. Fikiria kijana ambaye miaka michache nyuma alikuwa akiuzwa sokoni, sasa anajifunza mwili wa binadamu, magonjwa na dawa katika chuo kikuu cha Ulaya. Alipomaliza hakuombwa kurudi Niger wala kubaki Ulaya. Alitumwa Ziwa Tanganyika, nchi asiyoijua, kwa watu ambao lugha yao ilikuwa ngeni kwake. Alikubali.

Alisafiri kwa meli hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kutoka pwani msafara ulikwenda kwa miguu, safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kupita misitu na mbuga, na mwaka 1889 akafika Karema. Alikuwa na umri wa miaka 23 hivi. Mara ya kwanza alipovuka nchi kwa miguu alikuwa akiswagwa kama mnyama. Safari hii alikwenda akiwa mtu huru aliyebeba dawa.

Miaka 67 Karema

Karema ya wakati ule ilikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, kisha ikakabidhiwa wamisionari mwaka 1885. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea kandokando ya ziwa. Misafara ilivusha watu kutoka upande wa Kongo, na misheni ilikuwa kimbilio la waliokombolewa na waliotoroka. Atiman alipowatazama watu hao hakuhitaji kuelezwa habari zao, kwa maana zilikuwa habari zake mwenyewe.

Alianza kazi, na kazi hiyo hakuiacha mpaka uzeeni. Alitibu homa, vidonda, mifupa iliyovunjika na majeraha ya wanyama wakali. Alifanya upasuaji mahali ambapo daktari mwingine hakuwapo. Hakudharau elimu ya wenyeji, bali alijifunza pia dawa za miti zilizotumika katika nchi ile. Wagonjwa walikuja kutoka mbali, na wamisionari wa Ulaya nao walipougua walimtegemea yeye. Katika miaka hiyo magonjwa makubwa, kama ndui na malale, yaliziumiza sana nchi za kandokando ya ziwa.

Alioa binti wa chifu wa Wabende, aliyeitwa Agnes. Kwa ndoa hiyo mgeni kutoka Niger akawa mkwe na ndugu wa watu wa Karema. Mtoto wao Joseph aliingia seminari, na mwaka 1923 akapewa daraja takatifu ya upadre. Hivyo mtu aliyetenganishwa na wazazi wake, asijue kama atakuwa tena na ukoo, alimwona mwanawe mwenyewe akisimama altareni kuadhimisha Misa.

Pamoja na dawa, aliendelea kuwa katekista. Alifundisha dini na kuwaandaa watu kwa sakramenti. Kwake kazi hizo mbili zilikwenda pamoja, kama inavyoonekana katika Injili, ambapo Bwana wetu huhubiri na kuponya siku hiyohiyo moja.

Atiman alizishuhudia tawala zikibadilika. Aliona Wajerumani wakiitawala nchi, akaona Vita Kuu ya kwanza, akawaona Waingereza wakishika nafasi yao. Serikali na Kanisa walimpa nishani kwa utumishi wake, na mwaka 1946 habari za maisha yake alizozisimulia mwenyewe zilichapishwa katika jarida la Tanganyika. Alifariki mwaka 1956, akiwa na miaka 90 hivi, miaka mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Alikuwa amekaa Karema miaka 67. Hospitali ya Kanisa huko Sumbawanga ilipewa jina lake, na vilevile nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam.

Yanatuhusu nini Kwaresima hii?

Kanisa linatupa nguzo tatu za Kwaresima, nazo ni sala, mfungo na sadaka. Hapa makazini wapo wanaouliza, tena kwa haki, watafungaje watu ambao chakula chao hupimwa kwa kilo na mara nyingine hupunguzwa. Na sadaka atatoa nini mtu ambaye hata sahani alizonazo alipewa? Wengine husema kimoyomoyo kwamba mambo hayo watayafanya siku watakapokuwa kwao, wakiwa na shamba lao na nyumba yao. Kwa sasa wanangoja.

Maisha ya Atiman yanajibu swali hilo. Hatusemi kwamba kutamani kurudi nyumbani ni kosa. Hapana. Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliopelekwa Babeli wajenge nyumba na kulima bustani huko waliko, na katika barua hiyohiyo akawaahidia kwamba Mungu atawarudisha. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja. Atiman hakupata kurudi kuishi kwao Niger. Kama angeahirisha wema wake mpaka siku hiyo, watu wa Karema wangekufa wakimngoja daktari aliyekuwa amekaa mlangoni kwao.

Kuna jambo lingine, nalo ni gumu zaidi. Mtu aliyeibiwa utoto wake angeweza kuishi kwa uchungu mpaka kufa, na nani angemlaumu? Sisi tuliopoteza watu wetu tunaujua uchungu huo. Tunajua pia kwamba katika foleni ya maji au ya mgawo tunasimama pamoja na mtu ambaye ndugu zake walikuwa upande mwingine siku zile. Kwaresima haitutaki tujifanye tumesahau. Nabii Isaya anaeleza mfungo anaoupenda Mungu, kwamba ni kufungua vifungo vya waliofungwa, kumgawia mwenye njaa na kutomkimbia ndugu. Atiman alifunguliwa vifungo, naye akazitumia siku zake zote kuwafungulia wengine vifungo vya magonjwa. Neema aliyopokea hakuifungia sandukuni.

Ijumaa tunapofika kituo cha tano cha Njia ya Msalaba, tunamkuta Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika ya kaskazini. Hakujitolea mwenyewe, alilazimishwa kuubeba msalaba. Hata hivyo bega lake lilimsaidia Bwana. Katika kituo cha sita Veronika anapangusa uso wenye damu, tendo dogo linalofanywa na mikono. Atiman yumo katika vituo vyote viwili. Hakuchagua njia iliyomtoa kwao, lakini akiwa katika njia hiyo alipangusa nyuso nyingi.

Mambo ya kufanya katika jumuiya

Tunapendekeza kwamba kabla ya Jumapili ya Matawi kila jumuiya ndogondogo ichague mgonjwa mmoja au mzee mmoja asiye na ndugu hapa makazini, ipange zamu ya kumtekea maji, kumwokotea kuni na kumsindikiza zahanati. Mtu huyo si lazima awe Mkatoliki, wala wa kabila letu. Anayeweza kupunguza kipimo kimoja cha unga kwa juma akiweke kwa ajili yake. Mama anayenyonyesha, mgonjwa na mtoto wasifunge chakula. Wao wana sadaka nyingine, kama vile kunyamaza pale neno baya linapofika mdomoni. Na mwenye kinyongo cha muda mrefu asione haya kuanza na sakramenti ya kitubio, hata kama moyo bado unasita.

Maswali ya kutafakari pamoja:

1. Ni nani aliyelipa gharama ili mimi niwe hai leo? Je, nimewahi kumshukuru Mungu kwa ajili yake?

2. Ni wema gani ninaouahirisha mpaka siku ya kurudi nyumbani?

3. Ni jirani gani ambaye ninamkwepa kwa sababu ya yaliyotokea zamani?

Tuwaombee marehemu wetu wote, wakiwamo wale wa Bwiza na Buyenzi ambao hawakuifikia Pasaka ya mwaka 1995. Tumwombe Mungu pia ampe mtumishi wake Adrien pumziko la milele, na sisi atupe mikono kama yake.

Tunawatakia Kwaresima njema yenye matunda.