Edward Saidi Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga (1932 – 1972) alikuwa mchoraji kutoka Tanzania. Anajulikana kama mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji unaoitwa Tingatinga kwa jina lake. Hakusoma katika chuo chochote cha sanaa. Alichora kwa miaka minne hivi tu, akifanyia kazi nyumbani na kuwafundisha vijana wa ukoo wake, ambao waliuendeleza mtindo huo baada ya kifo chake.

Maisha ya awali

Tingatinga alizaliwa katika kijiji cha Namochelia, ambacho leo huitwa Nakapanya, wilayani Tunduru. Wilaya hiyo iko katika Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Mkoa huo unaanzia ufuko wa Ziwa Nyasa upande wa magharibi na kufika Tunduru upande wa mashariki, ukipakana na Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo. Mama yake alikuwa Mmakua.

Kama vijana wengi wa kusini wakati wa ukoloni, aliondoka kwao kutafuta kazi ya mshahara. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko aliajiriwa kama mtumishi wa nyumbani kwa ofisa Mwingereza. Kazi hiyo ilikwisha mwajiri wake alipoondoka nchini wakati wa uhuru. Baadaye alifanya vibarua mbalimbali, na kwa muda alikuwa mhudumu katika hospitali ya Muhimbili.

Uchoraji

Alianza kuchora mwaka 1968, akiishi Msasani, Dar es Salaam. Wakati huo wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao mjini, na wateja wao wengi walikuwa wageni.

Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali, kwa hiyo Tingatinga alitumia vitu vya dukani vya kawaida. Alichora juu ya hadibodi, yaani ubao mwembamba unaotumika kufunika dari, iliyokatwa vipande vya mraba vya sentimita 60 hivi kila upande. Rangi yake ilikuwa ile ya mafuta inayong'aa, iliyotumika kupaka baiskeli. Rangi hiyo ina harufu kali, hukauka polepole na haitoki kwa maji ikidondoka kwenye nguo au sakafu. Kwa sababu hiyo kazi ya namna hii hufaa kufanyika uani au chini ya mti.

Ubao hupakwa kwanza rangi moja kote, kisha huachwa ukauke. Baada ya hapo huchorwa umbo moja kubwa, mara nyingi mnyama kama chui, twiga au tembo, au ndege. Mwishoni huongezwa madoa na mistari. Tingatinga hakujali kuonyesha umbali wala kivuli. Mnyama wake hujaza ubao wote, na kila rangi husimama peke yake.

Picha ziliuzwa karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali ambapo wageni wengi walifanya manunuzi yao. Karibu na mwisho wa maisha yake kampuni ya umma ya sanaa nayo ilianza kununua kazi zake.

Familia na wanafunzi

Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, nao walipata watoto wawili. Wateja walipoongezeka, Tingatinga aliwaita vijana wamsaidie, wengi wao wakiwa jamaa zake. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde. Mafunzo hayakuwa na darasa wala vitabu. Kijana alijifunza kwa kumtazama mwalimu na kusaidia kazi, kisha akaanza kuchora ubao wake mwenyewe.

Kifo

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam, walipomdhania kuwa mhalifu anayekimbia. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi. Aliacha mjane na watoto ambao walikuwa bado wadogo sana.

Urithi

Kifo hicho kingeweza kuwa mwisho wa mtindo wenyewe, kwa kuwa ulikuwa na umri wa miaka minne tu na haukuwa na shule wala taasisi. Haukufa kwa sababu ujuzi ulikuwa tayari mikononi mwa watu wa nyumbani. Wanafunzi wake waliendelea kuchora pamoja na kufundisha wengine, na Simon Mpata aliupeleka mtindo huo Nairobi. Mwaka 1990 wachoraji wa Dar es Salaam waliunda chama cha ushirika, ambacho makao yake yako Oyster Bay.

Leo picha za Tingatinga huuzwa Tanzania bara, Zanzibar, Kenya na nchi nyingine nyingi. Neno hilo sasa hutaja mtindo mzima, na wengi wanaonunua picha hizo hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu. Mtindo huo pia uliongoza sura ya Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni za watoto uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010.

Walimu na wazazi huutumia kuwafundisha watoto kuchora, kwa kuwa hatua zake ni chache na mtoto mdogo anaweza kuzifuata: rangi ya chini, mnyama mmoja, kisha madoa. Kwa watoto hutumiwa rangi za maji badala ya zile za mafuta, kwani hazina harufu kali na huoshwa kwa urahisi.