Ishirō Honda: askari aliyetuletea Godzilla, na jiwe la Congo lililokuwa nyuma yake

Vijana wengi wa Goma, Sake, Masisi na Walikale wanamjua Godzilla kupitia simu na vyumba vya video. Wengi wanamchukua kama mchezo wa watoto: zimwi linalotoka baharini, linaponda majumba na kutema moto. Lakini mtu aliyeongoza filamu ya kwanza ya Godzilla, Mjapani Ishirō Honda, hakuifanya kama mchezo. Alikuwa askari aliyetoka vitani, akapita katika mji ulioteketezwa na bomu la atomiki. Na bomu lile, kwa sehemu kubwa, lilitengenezwa kwa uraniamu iliyochimbwa katika nchi yetu, huko Shinkolobwe, Katanga.

Ndiyo maana maisha yake yanatuhusu hata sisi wa Kivu Kaskazini. Huko Omate, kunakopakana maeneo ya Masisi na Walikale, watu wanajua kazi ya shimo. Mchimbaji anatoa dhahabu, mnunuzi anaipima, mali inaondoka. Hakuna anayerudi kumwambia mchimbaji ilifika wapi na ilifanya kazi gani. Wachimbaji wa Shinkolobwe nao hawakuambiwa.

Mtoto wa hekalu

Honda alizaliwa tarehe 7 mwezi wa tano mwaka wa 1911, katika kijiji cha milimani huko Yamagata, kaskazini mwa Japani. Baba yake alikuwa mtumishi wa hekalu la dini ya Budha. Katika watoto watano, yeye ndiye alikuwa kitinda mimba. Kaka yake mmoja, aliyekuwa daktari wa jeshi, alikuwa akimtumia magazeti ya sayansi, na kijana akapenda sana kusoma.

Alipofika umri wa miaka 10 hivi, familia ilihamia Tokyo. Huko ndiko alionja sinema. Wakati huo filamu zilikuwa bado hazina sauti, kwa hiyo mtu alisimama kando ya picha akisimulia mambo kwa watazamaji, karibu sawa na wale wanaotafsiri filamu kwa sauti yao huko Tanzania na Uganda. Honda alimpenda yule msimulizi kuliko hata picha zenyewe. Baadaye akasomea sinema chuoni, na mwaka wa 1933 akaingia kazini katika studio ambayo baadaye ilikuja kuwa kampuni ya Toho. Huko alipata rafiki wa maisha yake yote, Akira Kurosawa, ambaye naye angekuwa mwongozaji mkubwa wa filamu.

Miaka iliyopotea jeshini

Kazi ilikuwa bado changa alipoitwa jeshini. Mwanzoni mwa mwaka wa 1936, maofisa vijana walijaribu kupindua serikali mjini Tokyo, na mmoja wao alikuwa amewahi kuwa mkubwa wa Honda katika kikosi chake. Honda hakuwa na mkono katika jambo lile, lakini kikosi kizima kilipelekwa Manchuria. Tangu hapo hadi mwisho wa vita aliitwa mara tatu kwenda kupigana Uchina. Mwaka wa 1939 alimuoa Kimi Yamazaki, aliyekuwa akifanya kazi naye studio. Mwisho wa mwaka uleule aliitwa tena, mkewe akiwa karibu kujifungua mtoto wao wa kwanza.

Kuna sehemu ya vita vyake ambayo haipendezi kusimuliwa, lakini haifai kuachwa. Huko Uchina, kwa muda fulani, alipewa kusimamia nyumba ambamo jeshi la Japani liliweka wanawake kwa ajili ya askari. Mwaka wa 1966 yeye mwenyewe aliandika juu ya jambo hilo katika gazeti moja la sinema. Kwa msomaji wa Masisi au Walikale, anayejua yale ambayo vita vimewafanyia mama zetu na dada zetu, habari hiyo haihitaji maelezo marefu. Mtu aliyekuja kuilaumu vita kwa filamu zake alikuwa pia ametumika ndani ya ubaya wake.

Siku moja bomu lilianguka mbele yake, lakini halikulipuka. Mambo yalipotulia alirudi, akaliokota, akaenda nalo Japani. Lilikaa juu ya meza yake ya kazi mpaka siku alipokufa. Sisi ambao watoto wetu wanakutana na mabomu mashambani tunajua kwamba hilo si jambo la kuiga. Kwa Honda lilikuwa ukumbusho: alipona kwa bahati tu.

Vita vilipoisha mwaka wa 1945, alikuwa mateka Uchina. Alirudishwa nyumbani mwaka wa 1946, na njiani akapita Hiroshima. Aliona kile kilichobaki cha mji ule. Bomu lililoangushwa tarehe 6 mwezi wa nane mwaka wa 1945 lilikuwa limeua watu wapatao 140,000 hadi mwisho wa mwaka ule.

Jiwe kutoka Shinkolobwe

Hapa tuache Japani kidogo, turudi kwetu. Uraniamu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, iligunduliwa mwaka wa 1915, wakati wa ukoloni. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Wabelgiji, Union Minière du Haut-Katanga. Mawe yake yalikuwa na utajiri wa ajabu: mengine yalipita asilimia 60 ya uraniamu, wakati mahali pengine duniani hata asilimia moja ilihesabiwa kuwa nzuri. Wafanyakazi Wacongomani waliyachimba na kuyachagua kwa mikono.

Mwaka wa 1940, mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo New York, akaogopa yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka wa 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, kisha likaagiza mengine. Marekani ilitaka habari za mgodi ule zibaki siri, na kwa miaka mingi Wacongomani wengi hawakujua kitu. Mgodi ulifungwa karibu na wakati wa uhuru. Baadaye wachimbaji wadogo waliurudia, na mwaka wa 2004, baada ya serikali kuufunga tena, sehemu yake iliporomoka na kuua watu.

Wavuvi 23 na zimwi moja

Honda aliporudi kazini alikuta wenzake wamemtangulia. Kurosawa, ambaye hakuitwa vitani, alikuwa ameanza kuongoza filamu zake tangu mwaka wa 1943. Honda alikubali kuwa msaidizi, akavumilia, na filamu yake ya kwanza ya hadithi ilitoka mwaka wa 1951, yeye akiwa na miaka 40.

Tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka wa 1954, Marekani ilijaribu bomu jipya, lenye nguvu kuliko lile la Hiroshima, katika visiwa vya Bikini baharini Pasifiki. Majivu meupe yakaangukia chombo cha wavuvi wa Japani kilichoitwa Daigo Fukuryū Maru. Wavuvi wote 23 waliugua. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alikufa mwezi wa tisa. Japani nzima iliingiwa na hofu, watu wakaogopa hata kula samaki.

Wakati uleule mtayarishaji wa Toho, Tomoyuki Tanaka, alikuwa akitafuta filamu mpya. Huko Marekani filamu za wanyama walioamshwa au kukuzwa na bomu zilikuwa zimeanza kupendwa: mwaka wa 1953 joka la kale kutoka kwenye barafu, na mwaka wa 1954 sisimizi wakubwa kama magari. Tanaka alitaka zimwi la Kijapani, akampa Honda kazi. Jina walilolichagua, Gojira, lilitokana na maneno mawili: gorila, mnyama ambaye misitu ya Walikale inamjua, na kujira, yaani nyangumi kwa Kijapani.

Mafundi wa picha waliongozwa na Eiji Tsuburaya. Hakukuwa na muda wala pesa za kusogeza sanamu kidogo kidogo, kama Wamarekani walivyofanya kwa King Kong mwaka wa 1933. Kwa hiyo mchezaji Haruo Nakajima alivaa vazi zito la mpira, karibu kilo 100, akatembea juu ya mji mdogo wa kuigiza. Mtunzi wa muziki Akira Ifukube alipata mlio wa zimwi kwa kusugua nyuzi za chombo kikubwa cha muziki kwa glavu ya ngozi.

Lakini Honda aliwakataza watu wake kuichukua kazi ile kama kichekesho. Filamu inaanza na meli ya mizigo inayomezwa na mwanga mkali, miezi michache tu baada ya mkasa wa Bikini. Zimwi linapoingia Tokyo, mama anakaa chini na watoto wake katikati ya moto, akiwaambia kwamba karibu watamkuta baba yao aliyekufa. Kesho yake tunaona hospitali imejaa majeruhi hadi kwenye sakafu, na mtoto anapimwa kwa mashine ya kugundua mionzi. Mwishoni mwanasayansi aliyevumbua silaha ya kuliua zimwi anachoma karatasi zake zote, kisha anakufa pamoja na silaha yake, ili serikali yoyote isije ikaitumia.

Filamu ilitoka tarehe 3 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1954. Wajapani zaidi ya milioni 9 walilipa kuiona.

Kilichokatwa

Mwaka wa 1956 Wamarekani waliinunua, wakaikatakata, wakamwongeza mchezaji wao, Raymond Burr, kama mwandishi wa habari. Dakika 96 zikawa 80. Maneno ya msichana mmoja aliyeponea Nagasaki yakaondolewa, na mengi yaliyokumbusha majaribio ya mabomu yakapunguzwa. Dunia ikapokea zimwi bila sababu yake. Ndiyo maana hata huku kwetu lilifika kama mchezo.

Honda aliendelea: Rodan mwaka wa 1956, Mothra mwaka wa 1961, King Kong dhidi ya Godzilla mwaka wa 1962. Kadiri miaka ilivyopita kampuni ilitaka zimwi la kuchekesha watoto, naye hakulipenda sana jambo hilo. Filamu yake ya mwisho ya Godzilla ilitoka mwaka wa 1975. Kisha rafiki yake Kurosawa akamwita, na mtu aliyekuwa mwongozaji akakubali tena kuwa msaidizi. Walifanya pamoja filamu tano, mojawapo juu ya bibi aliyeponea Nagasaki.

Alikufa Tokyo tarehe 28 mwezi wa pili mwaka wa 1993, akiwa na miaka 81. Mwaka wa 2024 filamu mpya ya Godzilla kutoka Japani ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wake wa picha.

Chombo cha wale wavuvi 23 kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Tokyo. Filamu ya Honda nayo ilimkumbuka mvuvi, mama, mtoto na mwanasayansi. Mchimbaji wa Shinkolobwe hayumo, na hakuna mtu ndani yake anayeuliza jiwe lilitoka wapi. Swali hilo limebaki kwetu, na leo mtu wa Omate anaweza kumuuliza yule anayemnunulia: mzigo huu unaenda wapi?