Askofu Hirth wa Kashozi na Rubya

Mtu apandaye leo kilima cha Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, huona kanisa, shule, migomba na mibuni, naye hudhani kwamba mambo hayo yalikuwako siku zote. Lakini wamisionari wa kwanza hawakufika huko kwa shangwe wala kwa kualikwa. Walifika wakiwa wakimbizi, wameacha nyuma yao makanisa yaliyoteketezwa, na mkubwa wao alikuwa askofu asiyetimiza bado miaka arobaini, aliyeponea chupuchupu kwa mtumbwi. Ndiye Jean-Joseph Hirth wa Shirika la Mapadri Weupe. Habari zake zafaa kusimuliwa katika nyumba zetu, hasa siku hizi ambapo wana na mabinti wa Tanzania nao hutumwa nchi za mbali, na wazazi wao hukaa wakijiuliza mtoto atakula nini huko na atasema na nani.

Hirth alizaliwa tarehe 26 Machi 1854 katika kijiji cha Niederspechbach, jimbo la Alsace, ambalo wakati ule lilikuwa la Ufaransa. Alipokuwa kijana wa miaka 17 Ufaransa ilishindwa vitani, na mwaka 1871 karibu Alsace yote ikatiwa chini ya Ujerumani. Kijana huyo akabadilishwa taifa bila ya kuhama kijijini kwao. Huenda hapo ndipo alipojifunza kutotegemea mno bendera. Nasi tutaona kwamba bendera zilimfuata na kumsumbua maisha yake yote.

Aliingia katika shirika ambalo Askofu Mkuu Lavigerie alikuwa amelianzisha Algiers mwaka 1868, akapata upadri mwaka 1878. Lavigerie aliwawekea wanawe sheria ambazo Wazungu wengi wa siku zile walizishangaa. Mmisionari asikae peke yake, bali wawe watatu au zaidi katika nyumba moja. Avae kanzu nyeupe na joho kama watu wa Afrika ya Kaskazini, na rozari shingoni. Ale chakula cha wenyeji. Tena ajifunze lugha yao kwa bidii hata ifikapo miezi sita mapadri waitumie wao kwa wao. Ni rahisi kuiandika sheria ya namna hiyo. Kuishika mezani, wakati wa homa na wakati wa upweke, ni jambo jingine.

Kwanza Hirth alipelekwa Yerusalemu kuwafundisha vijana wa seminari ya Wakatoliki wa Mashariki katika nyumba ya Mtakatifu Anna. Ualimu huo ulimkaa rohoni. Mwaka 1887 akatumwa Nyanza, akafuata njia ya misafara kutoka pwani, kwa miguu, pamoja na wapagazi, hata akafika Bukumbi, kusini ya ziwa. Msafara ulikuwa chuo cha kwanza cha mmisionari mgeni. Katika miezi ile ya kutembea alijifunza kulala chini, kungoja, kunywa maji apatayo, na kutambua kwamba bila ya wale wabebao mizigo yake hawezi kitu. Baadaye reli ya Uganda ilifika ziwani, mwaka 1901, na wageni wakaja kwa siku chache na masanduku yao. Faida ilikuwa kubwa, lakini chuo kile kilifungwa.

Mwaka 1889 Askofu Livinhac alichaguliwa kuwa mkubwa wa shirika lote, na Hirth akawekwa mahali pake. Alipewa daraja ya uaskofu huko Kamoga, Bukumbi, tarehe 25 Mei 1890, siku 13 tu baada ya Padri Lourdel kufa Rubaga. Basi askofu mpya alirithi Kanisa lenye damu mbichi ya mashahidi wa Uganda, na nchi yenye vyama viwili, Wakatoliki walioitwa Wafaransa na Waprotestanti walioitwa Waingereza, kila upande ukiwa na bunduki zake.

Tarehe 24 Januari 1892 vita ilizuka Mengo. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwapa Waprotestanti silaha, na bunduki yake ya Maxim ikaamua mambo. Rubaga ilichomwa moto. Mfalme Mwanga na askofu walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Kisiwa nacho kikashambuliwa siku chache baadaye, watu wengi wakafa majini, na Hirth akaokoka kwa mtumbwi. Waingereza walimlaumu kwamba alikuwa amewachochea watu wake. Sisi hatuwezi kumtoa katika lawama yote, kwa maana askofu na viongozi wa chama walikuwa wamefungamana mno. Lakini hakuwa yeye aliyegawa bunduki zile.

Ndivyo alivyofika upande wa Kiziba na Bukoba, ambako Wajerumani walikuwa na boma tangu Emin Pasha alipolijenga mwaka 1890. Huyo Mfaransa aliyezaliwa Alsace akawa sasa, kwa hesabu ya serikali, raia aliyerudi kwa watu wake! Mwaka ule ule wa 1892 misioni ya Kashozi ikaanzishwa.

Nchi yenyewe ilikuwa katika msiba. Sotoka ilikuwa imekwisha kuangamiza ng'ombe, na kwa Wahaya ng'ombe ni samadi ya mgomba. Mgomba ukikosa samadi nyumba hukosa chakula. Tena miaka hiyo hiyo funza, mdudu mgeni aliyeletwa na misafara kutoka magharibi, aliingia nchini, na watu wasiojua kumtoa walipata vidonda hata wakashindwa kulima. Mmisionari aliyedhani kwamba amekuja kuhubiri tu alijikuta akitumia asubuhi zake kuosha miguu ya watu. Sioni kwamba alipoteza wakati.

Mgeni alikuwa na mengi ya kujifunza. Ndizi kila siku, asubuhi na jioni. Senene wa kukaanga, ambao Mhaya humpa mgeni anayempenda, na macho ya nyumba nzima humtazama kama atakula. Buni zilizochemshwa pamoja na majani na kukaushwa, zitolewazo za kutafuna mgeni aingiapo. Ambaye hakuzipokea alikuwa amekataa urafiki, hata kama yeye alidhani amekataa kahawa tu. Nyumba ya msonge isiyo na dirisha, moshi, mvua za Bukoba zisizokoma. Na salamu: watu wa huko hawasalimiani kwa haraka, na Mzungu aliyepita akiinua mkono tu alionekana kuwa mtu asiyelelewa.

Lakini shida kubwa ilikuwa lugha, nayo haikuwa shida ya ulimi peke yake. Mapadri walifika wakisema Kiganda. Vitabu vyao vilikuwa vya Kiganda, na makatekista wao wengi walikuwa Waganda waliokimbia pamoja nao. Watu hao walikuwa na imani iliyopitia motoni, na bila ya wao Kashozi isingesimama. Hata hivyo wenyeji walilisikia jina la Mungu kwa lugha ya jirani ambaye majeshi yake yalizoea kuvuka mto Kagera kuteka. Wafalme wa nchi, wale Abakama, waliona hatari, wakajiuliza kama kijana aendaye kusali ni mtu wao bado au ni mtu wa Waganda, au wa Wazungu. Swali lao lilikuwa la haki. Mapadri kwa upande wao walihukumu upesi mambo ya tambiko na ya ukoo, na si kila walilolihukumu lilistahili hukumu. Ilihitajika miaka, na Wakristo wa kwanza wa kabila lenyewe, hata imani ikaanza kusemwa nyumbani kwa Kihaya.

Hirth hakuwa mtu wa kuchekesha watu barazani. Alikuwa mkimya, mkali juu ya nafsi yake, mkali pia juu ya mapadri wake. Alishika bila ya kulegeza sheria ya Lavigerie kwamba ubatizo usitolewe kabla ya miaka minne ya mafundisho, ingawa misioni nyingine zilikuwa na hamu ya hesabu kubwa. Wenzake waliona ugumu kumzoea. Yeye alijizoesha ugenini kwa njia moja tu, nayo ni kukaa. Mwaka 1894 vikarieti ile kubwa iligawanywa, akabakiwa na Nyanza ya Kusini. Mwishoni mwa mwaka 1899 alianza safari ndefu kupitia Ushirombo na Usumbura, akafika mbele ya mfalme Musinga wa Rwanda, na tarehe 8 Februari 1900 misioni ya Save ikaanzishwa. Huko nako makatekista Waganda walikuwa mbele.

Sasa twende Ihangiro, katika wilaya ya Muleba ya leo, kwa maana huko ndiko moyo wa Hirth unakojulikana. Alikuwa amekwisha kuanza kuwafundisha vijana Kilatini tangu siku alipokuwa bado na madaraka juu ya Uganda. Alipotengwa na nchi ile alianza tena upya, na mwanzoni mwa karne ya ishirini seminari ikasimama Rubya. Mwaka 1904 hata vijana wa Rwanda waliletwa huko, mwendo wa siku nyingi kwa miguu, kujifunza pamoja na wana wa Bukoba na wa visiwa vya ziwa.

Wengi walimwona anaota ndoto. Walisema kwamba kijana wa Kiafrika aweza kuwa katekista hodari, fundi hodari, lakini miaka kumi na mitano ya masomo, Kilatini, filosofia na teolojia, na useja, hayo ni mbali naye. Gharama ilikuwa nzito, na walioacha njiani walikuwa wengi kuliko waliobaki. Kila aliyeacha alihesabiwa kuwa ushahidi. Askofu hakubishana sana. Aliendelea kutuma waalimu Rubya, hata pale misioni nyingine zilipolia kwamba hazina mapadri. Hapo twaona mgeni aliyeielewa kazi yake: alijua kwamba yeye na wenzake ni wapitaji, na kwamba Kanisa linalongoja meli kutoka Marseille ili lipate misa halijawa bado Kanisa la mahali hapo.

Hakuwapo kuyaona matunda yote. Mwaka 1912 Roma iliunda vikarieti mpya ya Kivu, yaani Rwanda, Burundi na Buha, naye, mzee wa miaka 58 mwenye macho yanayofifia, akaombwa kuanza tena. Akawaacha Bukoba kwa Askofu Sweens, akahamia Rwanda, akachukua waseminari wake Wanyarwanda. Kisha vita kuu ikaja, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakashika Bukoba na Wabelgiji wakashika Rwanda. Katikati ya machafuko hayo, mwaka 1917, mapadri wanne wa kwanza wa vikarieti ya Nyanza ya Kusini, wana wa Rubya, walipewa daraja kwa mkono wa Askofu Sweens. Mwaka huo huo, tarehe 7 Oktoba, Hirth mwenyewe aliwapa upadri Balthazar Gafuku na Donat Reberaho huko Kabgayi. Nao walikuwa wamepita Rubya.

Miaka ya baadaye kijana mmoja aliyebatizwa Rutabo, Laurean Rugambwa, alisoma katika seminari ile ile ya Rubya, na mwezi wa Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu kupata cheo hicho.

Hirth aliacha uaskofu alipoona hawezi tena kuuongoza. Hakurudi Alsace, ambayo sasa ilikuwa ya Ufaransa tena. Alibaki Kabgayi karibu na seminari, akiwasikia vijana wakiimba sala zao. Huko alifariki tarehe 6 Januari 1931, sikukuu ya Epifania, akiwa na miaka 76, na huko Kabgayi ndiko alikozikwa.